Urefu wa Tuyisenge

Jumatatu tarehe 12 Oktoba 1998, saa nne na dakika ishirini asubuhi, darasa la tano la shule moja ya mbao huko Mabanga lilikuwa likifanya hesabu za kugawanya. Wapo wanaosema ilikuwa Jumanne. Ilikuwa Jumatatu.

Direkta Édouard, mwalimu mkuu, ndiye aliyelifundisha darasa hilo, na alifundisha bila kusema. Akitazama ubao, mtoto wa benchi la mbele aliinuka akaufuta. Akiinua vidole viwili, daftari la pili lilifunguliwa. Akisukuma midomo kuelekea mlangoni, wavulana wanne wa benchi la tatu walibeba bidoni zao za njano wakaenda kuchota maji. Watoto walikunja mikono na kuinamisha macho, maana kumkazia mkubwa macho ni kukosa adabu. Wageni walitoka hata Bukavu kuja kuwatazama, na katika kitabu cha wageni waliandika kwamba hili ni darasa la mfano.

Askari wanne wa uasi waliingia bila kubisha. Watoto wote walisimama. Mkubwa wa askari akauliza shule inaweza kuchangia vijana wangapi.

Direkta alisukuma midomo kuelekea benchi la tatu, kisha kuelekea mlangoni.

Wavulana wanne walibeba bidoni wakatoka. Wa mwisho alikuwa Tuyisenge, mwenye miaka kumi na miwili. Aliufunga mlango taratibu usije ukagonga, kama alivyofundishwa. Nje, lori lilikuwa likinguruma. Direkta akatazama ubao, na msichana aitwaye Kahambu akaufuta.

Mama yake Tuyisenge, Dancille, aliuza sambaza sokoni, vile visamaki vya ziwa, akivipima kwa kikombe. Kesho yake aliacha meza akaenda kwenye ofisi inayopokea habari za watu waliopotea. Karani wake aliitwa Bagalwa.

"Mutoto iko na urefu gani?" karani aliuliza. "Hivi?" Akalaza kiganja hewani.

"Hiyo ni ya mbuzi, papa," Dancille alisema.

Kwao mtu hupimwa kwa mkono uliosimama, vidole vikitazama juu, ili kichwa kipate njia ya kuendelea kukua. Mkono wa kulala ni wa mbuzi, wa mbwa na wa magunia ya maharagwe. Dancille alinyoosha mkono wa kulia ubavuni, akausimamisha pale kichwa cha mwanawe kilipokuwa kinafika. Bagalwa alileta utepe wa fundi nguo akapima kutoka sakafuni: mita moja na sentimita thelathini na nne. Aliandika.

Alipomaliza, mkono haukushuka. Bagalwa alisubiri kidogo, kisha akamwita mtu aliyefuata kwenye foleni. Dancille alitoka mlangoni kwa ubavu, akarudi sokoni na mkono wake vilevile, akaanza kupima sambaza kwa mkono wa kushoto.

Baada ya miezi mitatu mkono ulikuwa umepanda sentimita mbili. Ndivyo Dancille alivyojua kwamba mwanawe yuko hai na kwamba anapata chakula. Mwaka uliofuata ulipanda sita.

"Weh, Mama Tuyi," Angèle wa meza ya jirani alimwambia, "huyo mutoto wanamulisha nini kule? Amekwisha kumupita bwana yangu."

"Bwana yako hata kuku inamupita."

Walicheka, wakaendelea kuuza.

Kila baada ya miezi mitatu Dancille alikwenda ofisini. Bagalwa alipima, akaandika, akapiga muhuri. Alikuwa mtu wa kazi safi. Dancille naye kila mara aliomba lilelile: jina la Tuyisenge liingie katika orodha ya watoto waliochukuliwa, maana asiye katika orodha hatafutwi. Bagalwa naye alijibu lilelile: kwa karatasi za shule, wavulana wale wanne waliacha masomo kwa hiari yao. Direkta alikuwa ametia sahihi.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, mlima wa volkano ulipasuka na moto ukashuka mjini. Shule ya mbao iliungua pamoja na daftari la majina. Watu walikimbilia barieri ya Gisenyi, kizuizi cha mpakani, wakisongana hata miguu ya wengine haikugusa chini. Dancille alikuwa katikati yao, mkono ukiwa kwenye mita moja na hamsini na sita. Chini ya mkono ule palibaki nafasi ya mtu mmoja. Mama wenye watoto mgongoni, wanaume wenye magodoro, hata askari waliokuwa wakikimbia kama wengine, wote waliizunguka. Hakuna aliyeikanyaga, na hakuna aliyeambiwa asiikanyage.

Mwezi wa tatu wa 2004, baada ya miaka ya kusukumwa mlango huu na mlango ule, ofisi ilikubali kumsikiliza. Walimwita direkta Édouard. Walimwita Kahambu, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Bagalwa aliandika ile karatasi ya maelezo wanayoiita PV. Mlangoni walisimama polisi wawili, wote wakiwa wamefundishwa na direkta zamani.

"Mimi nilisema nini?" direkta aliuliza kwa upole. "Waulize. Nilitamka neno gani? Nilitaja jina la nani?"

Bagalwa alimgeukia Kahambu. "Alisema nini?"

"Hakusema."

"Basi."

"Alifanya, papa. Sisi wote tuliona."

"PV inaandika maneno, binti. Alifanya nini?"

Kahambu alikuwa ameinamisha macho, kama alivyofundishwa. Aliyainua. Alimtazama direkta usoni muda mrefu, na utepe wa kupimia ukasikika ukiteleza mezani. Kisha akasukuma midomo kuelekea mlangoni.

Polisi wawili waliegemeza bunduki ukutani. Mmoja alichukua ndoo ya kusafishia sakafu, mwingine bidoni iliyokuwa chini ya dirisha, wakatoka. Wa mwisho aliufunga mlango taratibu usije ukagonga.

Watu walisubiri. Walirudi baada ya robo saa na maji yamejaa pomoni, wakayaweka chini, wakachukua bunduki zao.

Direkta alikuwa akitazama kucha zake.

"Andika hiyo," Dancille alisema.

Bagalwa aliandika. Kisha akasoma kwa sauti, maana ndivyo sheria inavyotaka: "Shahidi hakutaja neno lolote lililotamkwa na mshtakiwa. Wakati wa mahojiano polisi walikwenda kuchota maji. Sababu haikujulikana." Wote waliombwa kutia sahihi. Dancille alitia kwa mkono wa kushoto.

Wengine walipotoka, Bagalwa alimzuia ampime, kwa kuwa miezi mitatu ilikuwa imetimia. Alirudia mara mbili.

"Mita moja sitini na tatu," alisema. "Mama, hata mara iliyopita ilikuwa sitini na tatu. Na ile nyingine."

"Ninajua."

"Iko na miaka ngapi sasa?"

"Kumi na minane ifikapo Juni."

"Basi labda amekomaa. Vijana wanafika hapo, wanasimama." Akakunja utepe. "Ama..." Alitazama sakafu.

Mtu huacha kurefuka kwa sababu mbili. Ipi kati ya hizo, iliandikwa katika daftari la kambi walikopelekwa wavulana, na daftari la kambi lilikuwa ndani ya kabati la chuma nyuma ya kiti cha Bagalwa, na kabati hilo hufunguliwa kwa walio katika orodha tu. Ufunguo ulikuwa mezani. Dancille aliutazama. Bagalwa akaufunika kwa kiganja, mkono umelala.

Mwaka huohuo direkta Édouard alipandishwa cheo akawa inspekta wa shule. Shule mpya ilijengwa juu ya mawe meusi ya mlima, na inspekta huitembelea kila muhula. Wanasema madarasa yake yanatulia sana.

Jumamosi moja alipita sokoni. Alisimama mbele ya meza ya Dancille, akasukuma midomo kuelekea sambaza.

Dancille hakugusa kikombe.

Akasukuma tena.

"Sema," Dancille alimwambia.

Angèle aliacha kuhesabu nyanya zake. Wateja nao waligeuka. Inspekta alifungua mdomo, akaufunga. Jasho lilimtoka juu ya mdomo wa juu. Walitazamana hivyo, mpaka moto wa makaa ya muuza mahindi ukazimika na mwenyewe hakuona.

Mwishowe inspekta alishika njia aende zake bila samaki. Njia ilikuwa nyembamba, na mkono wa Dancille ulikuwa umesimama palepale, mita moja na sitini na tatu. Aligeuza bega, akaizunguka ile nafasi iliyo chini yake, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake.