Ndama wa Kyaka

Chwii. Chwii. Maziwa ya kwanza yakigonga chini ya ndoo tupu husikika nyumba nzima, hasa alfajiri kabla taa haijawashwa. Asubuhi hiyo niliyasikiliza kama mtu anayeaga. Ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya Mzee Mayige, na mimi nilikuwa nakamua ng'ombe wake.

Kyaka hakuwa wangu. Mzee alinibilisa, kama tunavyofanya Usukumani: unatunza ng'ombe wa mtu, maziwa unakunywa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Lakini siku aliyomleta alininong'oneza, "Akizaa jike, hilo ni lako, mayu. Litakusomesha." Mayu, yaani mama, ndivyo alivyoniita. Tulikuwa wawili tu, na ng'ombe. Jike likazaliwa wiki ileile Mzee alipolazwa. Akafariki kabla sijamwambia.

"Hana chapa huyo ndama," jirani yangu Mektilda alisema akiegemea uzio. "Sema umemnunua. Nani atabisha?"

"Mzee atabisha."

"Mzee amelala, Mama Harieth. Wewe una mtoto."

Kweli, ng'ombe wa Mzee hawakuwa na chapa. Alipigana vita vya Kagera akiwa kijana, na aliporudi hakutaka tena kuona chuma cha moto kikigusa mwili wa kiumbe. "Nimeshanusa ngozi ikiungua," alisema. "Inatosha." Basi akawapa majina ya sehemu alizopita kwa miguu: Kyaka, Mutukula, Masaka. Akiita, wanakuja. Kando ya barabara aliweka tairi lililokatwa, akalijaza maji kila asubuhi kwa ajili ya punda wa watu asiowajua. Nilipoanza masomo ya jioni nikiwa sina wa kumwachia mtoto, alisema, "Mlete. Ataniangalizia ndama." Nikirudi nawakuta mlangoni, Mzee, Harieth na mbwa wa miguu mitatu, wanabishana nani alale kwanza.

Nilivaa gauni la kanisani, nikamshika Harieth mkono tukaenda.

"Watamchukua ndama?" aliuliza njiani.

"Sijui, mwanangu."

Uwanja ulikuwa umejaa. Shangazi Ng'washi, dada yake Mzee, ndiye aliyesimama kuongea kwa niaba ya ukoo. Pembeni yake alikaa Novatus, mtoto wa marehemu, amekuja kutoka kazini Dodoma na uso umemkunjamana.

"Anayetunza mnyama wa marehemu aseme mbele ya watu," shangazi alisema. "Sisi tunawajua waliomo zizini tu. Wa nje alikuwa nao kichwani mwake."

Mzee mmoja kutoka Lalago akanyanyuka na fimbo yake. "Mimi ninaye Masaka." Akafuata Dastan, fundi baiskeli: "Mutukula yuko kwangu." Mama mjane wa Mwamanyili naye akasimama, na wengine nyuma yake. Novatus alikuwa anageuza shingo huku na huku, kama mtu aliyeambiwa ana ndugu asiowajua.

Mektilda aliniminya mkono. Nikasimama.

"Mimi nina Kyaka. Na ndama wake."

"Ndama gani?" shangazi aliuliza.

"Jike."

"Alikuambia nini juu ya jike?"

"Alisema ni langu. Ila shahidi sina, shangazi. Mkimtaka, mchukueni."

Niliona vumbi kwenye viatu vyangu, nikaendelea kuliangalia.

Dastan akakohoa. "Samahani jamani. Hata mimi aliniambia hivyohivyo. Nilinyamaza, nikadhani mtaniona mwizi."

"Na mimi," mama wa Mwamanyili akadakia. "Akasema nisimwambie mtu."

"Kumbe," mzee wa Lalago akasema taratibu. "Na mimi miaka yote najiona kipenzi chake peke yangu."

Mtu akacheka, halafu uwanja wote. Novatus alicheka huku anafuta macho kwa kiganja. "Baba huyu," alisema. "Kila mtu alikuwa kipenzi chake peke yake."

"Basi mashahidi mnao," shangazi alisema. "Kila mmoja ni wa mwenzake. Majike ni yenu. Na mama zao wabaki huko huko mpaka ndama waache kunyonya. Kaka yangu angetoka kaburini atukimbize tukiwatenganisha."

Nikakaa chini mavumbini na gauni langu la kanisani. Mektilda akainama sikioni kwangu. "Ule ushauri wangu wa uzioni," alisema, "usije ukamwambia mtu."

Tulikula wali na nyama, tukamwombea Mzee, tukaondoka jua likiwa bado kali. Sikulihisi. Tulipokaribia nyumbani Harieth akauchomoa mkono wake kutoka kwenye wangu, akakimbia, akapenya katikati ya nguzo za zizi. Nilipomfikia alikuwa amemkumbatia ndama shingoni.

"Wewe unabaki hapa na sisi," akamwambia.