Ya Kupaka, Ya Kupika

Jumatatu saa nne asubuhi, Mchemshaji alipokuwa akikung'uta majani ya mkalitusi yaliyokwisha kukamuliwa, mkewe aliingia kiwandani, akavuta kiti karibu na dirisha, akaanza kusahihisha lebo. Alikuwa amezikwa miezi miwili nyuma. Alivaa gauni lake la kijani, na kikohozi kilichomwondoa alikuwa nacho bado.

"Shemeji karudi," alisema msimamizi bila kuinua macho. "Mwambie kalamu ziko droo ya chini."

"Anajua," alijibu Mchemshaji.

Enzi za uhai wake walimwita Herufi, kwa kuwa neno lililokosewa halikumpita. Aliwahi kuacha uji upoe akibishana na kinyozi juu ya kibao chake. Kila lebo ya mafuta ilipitia mikononi mwake kwanza. Alipokufa, lebo mpya zikapita bila macho yake. Zilipaswa kusema: *Mafuta ya mkalitusi. Ya kupaka. Matone matano asubuhi na jioni.* Zikasema *ya kupika*.

Mafuta hayo ukipaka kifuani, kifua kinafunguka. Ukiyadondoshea maji ya moto ukajifukiza, mafua yanapungua. Ukiyameza, yanakuangusha kama gunia, na mtoto mdogo kijiko kimoja kinatosha kumzika. Mchemshaji aliyajua hayo, kwa miaka ishirini ya kuyakamua. Wanunuzi walijua kusoma tu.

Herufi alishika chupa mojamoja, akakata *i*, akaandika *a* juu yake. Alimaliza sitini kwa siku. Kiwanda kilitoa mia tatu. Saa nane aliinuka, akapenya ukutani, pale palipokuwa na mlango kabla haujazibwa, akaenda zake.

Ikawa hivyo kila siku. Mchemshaji aliweka kigoda kando yake, akala chakula chake hapo.

"Umeshindaje, mama?"

"*I* ni nyingi," alijibu mkewe, macho kwenye lebo.

Hakuwahi kumtazama. Mchemshaji alitamani amtazame mara moja tu, hata kwa kumgombeza. Nyumbani bado alilala ukingoni mwa kitanda, sehemu nyingine akiiacha wazi, shuka limenyooshwa.

Wiki ya tatu akaja mwanamke na chupa mkononi. Mama yake alitia yale matone kwenye supu. Alitapika, akatetemeka, na sasa kalazwa, hamtambui mtu.

"Nyie ni watu gani? Mnaandika sumu ipikwe?"

"Kwani pua hakuwa nayo?" msimamizi akasema. "Harufu yote ile, mtu anaila?"

"Alikuwa na mafua, wewe! Angenusa nini? Si ndiyo maana alinunua dawa?"

Herufi akaipokea ile chupa, akaisahihisha, akamrudishia. Mwanamke akaitia mkobani, akaondoka.

Mchana mpiga chapa akaleta karatasi ya majaribio. "Nasikia pana kosa. Niwekeeni kidole tu palipo na kosa, kesho mnapata lebo safi."

Msimamizi akamsukumia Mchemshaji. "Soma wewe, mwenye mke msomi."

Mchemshaji akaishika karatasi. Aliiona *i*, na nukta yake kichwani. Akageukia dirishani. Herufi alikuwa ameinama, vinywele vitatu vimechomoka kitambaani, pale shingoni alipopajua. Alimfahamu mkewe. Hata kwenye harusi za watu hakukaa pasipo na kazi. Akishamaliza kuosha vyombo, huyo, kashashika njia.

"Iko sawa," alisema.

"Hujaona kosa?"

"Sijaona."

Herufi akainua kichwa. Akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu azikwe, bila haraka, kama alivyokuwa akilitazama neno lililokosewa. Kisha akachukua chupa nyingine.

Kesho yake lebo elfu tano ziliwasili. Herufi alifika saa moja, mapema kuliko siku zote, maana kazi ilikuwa imeongezeka. Mchemshaji alikaa karibu naye, magoti yao yakikaribia kugusana, na gari la mizigo lilipokuja kuchukua makreti, alisogeza miguu tu, wapakiaji wapite.