Vitu vya Nyumba

Kaka yangu alikuwa fundi rangi, na mke wake, wifi yangu, alikuwa fundi wa mapazia. Maisha yao yote waliingia kwenye nyumba za watu, mmoja na brashi, mwingine na futi ya kupimia madirisha, na kila jioni walirudi kwenye vyumba viwili vya kupanga, vichwa vimejaa nyumba za wenzao. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Nasema ule wa kwanza, wa kununua. Wa pili, wa mapafu, ulikuja baadaye na ndio uliommaliza kaka.

Kila kitu kilikuwa cha nyumba. Sinki la jikoni, la nyumba. Taa kubwa ya vioo ya kuning'iniza, ya nyumba. Sofa zilizosimamishwa wima, vitasa, maboksi ya vigae, milango ya mbao ngumu iliyoegemezwa dirishani, vyote vya nyumba. Ukiuliza hiyo nyumba iko wapi, unaambiwa inakuja. Kiwanja chenyewe hakikuwepo. Kila walipokaribia kukipata, alitokea tajiri mmoja anayeng'oa milango mizuri ili aweke mingine, anaiuza kwa bei ya kutupa, na bahati kama hiyo wao waliona ni dhambi kuiacha. Walikuwa na kamba, kengele na ndoo ya maziwa. Ng'ombe bado.

Nilikuwa nawatania. "Wifi, siku mkipiga chafya humu ndani, tutawafukua na koleo." Naye anacheka, maana ni mtu wa kucheka, ananijibu kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kibaba chao kilishajaa zamani, kikamwagikia mpaka chini ya kitanda. Walikuwa wakipita ndani kwa ubavu, na chakula wanakilia kitandani, sahani mapajani.

Kisha daktari akatuita mimi na wifi pembeni, akasema hakuna kilichobaki cha kumfanyia mgonjwa, tumpeleke nyumbani akae na watu wake. Kaka alipoambiwa hakulia. Alikaa akitafuta pumzi, kisha akasema kitu kimoja.

"Nataka kulala pale dirishani."

Nililijua hilo dirisha. Walipohamia, sebule ikiwa tupu, walitandika godoro chini yake, kwa sababu upepo wa uwanjani ulikuwa unapita hapo mchana kutwa. Kuta kazipaka yeye mwenyewe, rangi ya maziwa. Mtu wa mapafu hana tamaa nyingi. Anataka hewa basi, na nilijiapiza kwamba hiyo ataipata.

Nikaenda kwao asubuhi, nguo nimejifunga kiunoni.

"Tuanze na milango," nikamwambia wifi.

"Milango hapana."

"Basi sofa."

"Hizo sofa hata hajazikalia, wifi."

"Si ndiyo maana tunazitoa? Nani atazikalia?"

Akaketi juu ya boksi la vigae. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi, maana nami nilikuwa na yangu ya kusema. Lakini alianza kulia kimya kimya, machozi yanadondokea boksi.

"Nikivitoa, nitakuwa namwambia nini? Nitakuwa namwambia basi, hakuna nyumba. Atafika akute nimeshamfuta."

"Anakuja kufa, wifi. Daktari kasema."

"Daktari kasema lake."

"Na wewe unasema nini?"

Alifuta uso kwa kiganja, akasimama. "Niachie mimi. Ni mume wangu. Ukimleta utakuta ana pa kulala."

Nikamwamini. Nikarudi hospitali kukaa na mgonjwa.

Siku ya kumleta, dereva wa teksi alinisaidia kumshusha. Nyumba ile ni ya wapangaji wengi, vyumba vimepangana huku na huku, katikati korido ndefu yenye giza. Tulipoingia tukakikuta kitanda kipya koridoni, kile cha kuzungusha mpini kikanyanyuka upande wa kichwa. Godoro liko juu yake, bado limo kwenye nailoni. Wifi amesimama kando na uso wa mtu aliyefanya jambo.

"Karibu, baba," alimwambia mumewe. "Kinanyanyuka. Utapumua vizuri."

Nikasukuma mlango wa sebule. Kila kitu kilikuwa palepale.

"Kitaingiaje humu?" nikamuuliza.

"Kitaingia tu. Tutapanga."

Nilishikwa na hasira mpaka mikono ikaniwasha. Alihitaji nafasi, akanunua kitanda. Nilitaka kumpa za uso mbele ya wapangaji wote, lakini kaka alikuwa anahema juu ya ile nailoni na mimi nilimwahidi dirisha. Nikamwita jirani, dereva wa lori, mtu wa mabavu, tukaanza kutoa vitu tukivipeleka uani. Wifi safari hii hakutuzuia. Alikaa kichwani kwa mumewe akimpepea na kipande cha kitambaa cha pazia.

Zikatoka sofa. Likatoka sinki, yakatoka maboksi. Ukuta wa rangi ya maziwa ukaanza kuonekana, na mwanga ukapenya juu ya ile milango, ukagusa sakafu ambayo sikumbuki niliiona lini. Nikasikia upepo. Nasema kweli, nilifurahi.

Ikabaki milango. Jirani akaubeba wa kwanza, na kona yake ikagonga ukuta wa korido. Kaka, ambaye tangu hospitali alikuwa hawezi maneno mawili bila kupumzika, akainua kichwa.

"Polepole. Huo ni mlango wa mbele."

Tukasimama sote. Jirani akaomba radhi, kwa heshima kabisa, utadhani kweli kauharibia mtu mlango wa nyumba yake. Akautoa taratibu, akauegemeza uani. Wakati huo wingu lilikuwa limeshatanda, na matone ya kwanza yakaanza kulia juu ya bati. Kaka akageuza uso kuelekea nje.

"Vitanyeshewa," akasema.

"Vinyeshewe, kaka."

"Rudisheni."

"Na dirisha je? Si ulitaka dirisha?"

Alipumua muda mrefu. Nilimwangalia machoni nikimwomba aseme jingine, lolote.

"Rudisheni kwanza. Dirisha kesho."

Miaka yote nilikuwa nimemtwika wifi peke yake mzigo ule wa lawama, maana kaka ni kaka na wifi ni wa kuja. Sasa niliwaona wote wawili wanautazama mlango mmoja kule uani, kwa macho yaleyale. Wengine wana watoto. Hawa walikuwa na mlango wa mbele, na kila usiku walikuwa wakiufungua na kuingia.

Tukarudisha. Milango, maboksi, sinki, sofa. Ule mwanga ukapungua sakafuni mpaka ukaisha, na nilipotoa mkono kwenye sofa ya mwisho nilijua kwamba sitaitoa tena.

Usiku ule korido haikuwa na hewa hata kidogo. Nikagonga mlango mmoja baada ya mwingine nikiwaomba wapangaji waache milango wazi. Mungu awabariki, waliacha wote, na madirisha yao pia. Kaka akapata upepo wa vyumba vya watu, wenye harufu ya sabuni na chai zao. Asubuhi, watu wakipita kwa ubavu na ndoo zao za kuogea, akakata roho.

Wifi akamfumba macho. Akazungusha ule mpini kidogo kidogo mpaka kichwa kikalala sawa na mwili.

"Watu wanakuja, wifi," alisema. "Tutamlaza wapi?"

Nikafungua mlango wa sebule nikatazama. Palikuwa na nafasi ya kusimama mtu mmoja. Nikaufunga.

"Hapahapa," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, machozi yanamtiririka, akamshika mumewe mkono.

"Tungekuwa na nyumba," akasema, "tungemlaza sebuleni."