Pingamizi la Mzee Wiliam

Mimi ni mtu wa maneno mengi, tuanzie hapo. Mume wangu Muhidini husema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Kwa hiyo siku tulipoleta nyumbani fomu za kuomba uraia, nilisema kalamu nitashika mimi, kwa kuwa katika nyumba yetu mwenye Kiswahili cha kunyooka ni mimi. Muhidini ni fundi cherehani, mazungumzo yake yote anayamalizia kwenye nguo za watu. Binti yetu Zuhra ndiye aliyesoma, lakini jambo zito kama lile unamwachiaje mtoto?

Sisi asili yetu Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Vita vilitutoa kule mimi nikiwa msichana na Muhidini akiwa bado ana nywele. Tukapita kambini, tukapita Kigoma, tukaja kuishia hapa Nyahanga, Kahama. Zuhra kazaliwa hapa, kasoma hapa, akigombana na wenzake anagombana kwa Kisukuma. Kwenye karatasi, hata hivyo, alikuwa mgeni kama sisi.

Na haraka yetu ilikuwa ni yeye. Mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi na minane anaingizwa kwenye ombi la wazazi wake. Akitimiza kabla faili halijapita kamati, anaanza upya peke yake, na Zuhra alikuwa anaikaribia hiyo kumi na nane. Alikuwa anataka chuo cha uuguzi, na bila kitambulisho cha taifa angeishia getini mwa chuo. Nilikuwa nalijua hilo vizuri kabisa, na bado nikafanya niliyoyafanya.

Fomu ya kwanza niliiharibu kwa kujikweza. Palipoandikwa kazi ya mwombaji, mimi ninayeuza dagaa wa Nkome sokoni, niliandika "mfanyabiashara wa mazao ya ziwa". Muhidini aliwahi kwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu msimu mmoja, akarudi na homa na jembe la mtu. Nikamwandika "mtaalamu wa madini". Palipouliza kiwango changu cha Kiswahili nikajibu "kuwashinda wenyeji". Zuhra alisoma, akafunika uso kwa mikono miwili.

"Mama, hawa unaowaomba ndio wenyeji wenyewe," alisema.

"Na wajue mapema," nikamjibu.

Fomu ya pili niliimwagia chai. Ya tatu Zuhra alijifungia nayo chumbani, akaijaza peke yake, akatuitia dirishani tuweke saini. Ndiyo iliyopokelewa.

Baada ya hapo utaratibu unataka majina yenu yatangazwe gazetini, ili mtu yeyote anayejua sababu ya ninyi kunyimwa uraia apeleke maelezo yake kwa maandishi. Mtu mwenye akili timamu tangazo kama hilo analipitisha kimyakimya. Mimi nilinunua gazeti, nikalibandika juu ya meza yangu ya dagaa. Kila mteja nilimwonyesha jina langu kwanza ndipo nimpimie. Wengine waliondoka bila kununua.

Aliyelisoma hadi mwisho alikuwa Mzee Wiliam. Huyu ni Msukuma, mfugaji, nyumba yake iko mtaa wa nyuma yetu, na ni mtani wangu. Mwaka tulipohamia Nyahanga aliniuliza kabila, nikamwambia wazee wetu ni Wamanyema. Akasema basi utani upo, kwa sababu babu yake na babu zangu walibeba mizigo pamoja kwenye misafara ya zamani. Kama ni kweli au alijitungia palepale, sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba kuanzia siku ile alipata ruhusa ya kunitukana asubuhi na jioni, na mimi nikapata yangu. Alipofiwa na mkewe, mimi ndiye niliyekaa kwenye ukingo wa kaburi nikanyoosha miguu, nikakataa mazishi yaendelee mpaka nipewe kuku. Wasukuma walilia na kucheka kwa pamoja. Kuku walinipa.

Sasa siku hiyo ya gazeti nikamwambia, "Soma vizuri, mzee. Jina langu liko gazetini. Lako litaingia siku ng'ombe wako watakapokukimbia."

Aliomba peni, akanakili anwani iliyokuwa chini ya tangazo. Mimi mjuaji sikujiuliza anaipeleka wapi.

Haikupita muda nikaitwa ofisini. Afisa aliyeshika faili letu anaitwa Justa, dada mpole, anaongea taratibu. Alinisogezea karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa herufi kubwakubwa. Mzee Wiliam alikuwa amepinga. Alisema mwombaji ni mbishi tangu alipofika mtaani. Alisema dagaa wake anawapima kwa kopo lililobonyea. Alisema ameishi na Wasukuma miaka yote hii na bado akipewa michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, anauliza kama ni viazi au ni maganda. Na kwamba kuku aliyemchukua msibani hajamrudisha.

Nilicheka hadi nikashika meza. Justa naye alicheka, lakini yeye alimaliza mapema.

"Shida, Mama Zuhra, ni kwamba pingamizi hili limeandikwa, limesainiwa, limegongwa muhuri wa kupokelewa," alisema. "Hata mimi najua ni utani. Ila pingamizi likishaingia kwenye faili siwezi kulichana. Na hili la kopo ni tuhuma. Lazima kamati imsikilize yeye mwenyewe."

"Kamati inakaa lini?"

Alinitajia tarehe. Zuhra alikuwa anatimiza miaka yake wiki hiyohiyo, siku mbili baadaye. Kicheko kilinikauka.

"Na asipotokea?"

"Itaahirishwa hadi kikao kijacho," alisema, na hakuniangalia usoni.

Nilitoka pale mori umenipanda, sikupita hata nyumbani. Nilimkuta Mzee Wiliam zizini akimkamua ng'ombe. Mtu mwenye busara angemwamkia kwanza, angekaa, angemweleza habari ya mtoto. Mimi nilianzia kufoka getini. Yeye akadhani tunaendelea na mchezo, akaniambia bila kugeuka, "Lete kuku wangu, we Mmanyema, nitalifuta."

Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Nilimwambia, "Usinizoee, mzee. Mimi na wewe si ndugu."

Aliacha kukamua. Alinitazama kidogo, kisha akainuka, akachukua ndoo yake akaingia ndani. Na mimi nikaondoka kwa mwendo wa mtu aliyeshinda, nikafika nyumbani nikawasimulia nilivyomkomesha. Muhidini alizima cherehani. Hakuwahi kuizima kwa ajili ya maneno yangu tangu anioe.

"Kwa hiyo mtu pekee anayeweza kumwokoa Zuhra ndiye uliyetoka kumwambia hivyo," alisema.

Zuhra aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikwishaoshwa. Ingekuwa heri anipigie kelele.

Mzee Wiliam hakupita tena kwenye meza yangu. Nilimtuma Muhidini, akaambiwa mzee yuko malishoni. Nilimpelekea kuku, kuku mzuri kabisa, akarudishwa akiwa amefungwa miguu vilevile. Nikaanza kukariri. Nilikariri mikoa yote, wimbo wa taifa beti zote, maana ya kila rangi ya bendera, kana kwamba kamati ingenihoji rangi za bendera. Usiku nilikuwa namsomea Muhidini mikoa mpaka anageukia ukutani. Nilikuwa na hofu, jamani, na hofu yangu haijui kunyamaza.

Siku ya kikao tulivaa kama watu waendao harusini. Muhidini alikuwa ameshona suti mpya, Zuhra alivaa sare ya shule ili aonekane mdogo. Wazo langu hilo. Wajumbe walikuwa watano, mwenyekiti mwanamume wa makamo mwenye miwani. Tulikaa kwenye benchi, na kiti cha mwenye pingamizi kikawa kitupu. Mwenyekiti akatazama saa. Akatazama mlango. Justa akafunua faili, akalifunga.

Mwenyekiti alipokwisha kuanza kusema neno la kuahirisha, tukasikia baiskeli ikiegemezwa ukutani. Mzee Wiliam aliingia na koti lake la sikukuu. Hakunitazama. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akajibu "Marahaba" kama anavyomjibu mtu wa njiani.

"Mzee," mwenyekiti alisema, "hii ni kamati ya serikali. Tumesoma barua yako. Tunataka kujua jambo moja tu. Hili ni pingamizi kweli, au ni utani?"

Mzee Wiliam alivua kofia. "Kama huyu ni mtani wangu, ni utani. Lakini juzi alikuja zizini kwangu akasema mimi na yeye si ndugu. Kama si ndugu, basi mimi nimempinga mtu baki, na barua ibaki ilivyo. Sasa mimi nijue nini? Mwulizeni mwenyewe."

Watu watano wa serikali wakanigeukia. Mikoa yote ikanitoka kichwani. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuwaonyesha mimi ni mama wa heshima, mstaarabu, mtu asiye na makuu, na hakuna hata neno moja la hotuba ile lililonifaa. Niliona aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli tupu, na mwanangu alikuwa ameketi pembeni yangu na sare yake, ameshika upindo wa sketi.

"Mama," mwenyekiti alisema, "ni mtani wako au si mtani wako?"

Kumjibu "ndiyo" peke yake kungekuwa uongo baada ya yale ya zizini. Neno moja lisingetosha. Nikasimama.

"Mheshimiwa, mzee huyu mnayemwona ana ng'ombe thelathini, na kila ng'ombe ana jina. Wajukuu wake wote anawaita 'we mtoto'. Baiskeli aliyokuja nayo aliinunua kabla ya mimi kuvuka mpaka, na bado kwenye kilima anaishuka anaisukuma, eti isichoke."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mzee Wiliam alikuwa akitazama sakafu.

"Anasema kopo langu limebonyea. Ni kweli limebonyea. Lilibonyea siku aliyolikalia yeye, na mwili wote ule, akisubiri nimkopeshe dagaa. Na koti hilo ni la harusi yake. Marehemu mkewe, mama Juliana, alilifua peke yake maisha yake yote. Tangu atutoke halijaona maji, maana huyu mzee hajui sabuni inakokaa, na mimi ninayepaswa kulichukua nikamfulie nimekaa nyumbani nakariri mikoa."

Nilikuwa nalia mbele ya kamati, na kamasi juu, mimi wa Kiswahili cha kuwashinda wenyeji. Nilipofuta macho nikaona mabega ya Mzee Wiliam yanatikisika. Sikujua kama anacheka au naye analia, na nadhani hata yeye hakujua.

"Ni utani," alimwambia mwenyekiti. "Nafuta. Lakini hilo la michembe liandikeni pembeni, ni la kweli."

Wajumbe walicheka hadi mwenyekiti akavua miwani. Justa alimsogezea mzee karatasi aweke saini ya kufuta, kisha akatuambia faili linapanda ngazi leoleo, na Zuhra yumo ndani yake kama mtoto wetu. Zuhra aliinamisha kichwa magotini. Muhidini alimwekea mkono mgongoni, akabaki hivyo.

Nje nilimkuta Mzee Wiliam akiangalia upepo wa tairi. Shukrani ndiyo ilipaswa kutangulia, najua. Lakini hofu ile yote ilikuwa bado imenikaa kifuani, ikatoka kwa umbo la hasira kama kawaida yangu.

"Mzee, ulitaka kuniulia mtoto. Kwa nini uliandika barua ile? Matusi yote ungeniambia sokoni, nani alikukataza?"

Alisimama wima, akaipangusa mikono yake kwenye koti.

"Mayu," alisema. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita hivyo, mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama yao. "Nilikwenda pale ofisini kwanza kuuliza tu. Nikawauliza, huyu mama ametangazwa gazetini, nani amekuja kumsema? Wakaniambia hakuna. Nikarudi tena wiki iliyofuata, wakasema hakuna. Mtu atangazwe nchi nzima, na asitokee hata mmoja wa kumtukana? Nikaona haya. Wangedhani huna watu."

Akaishika baiskeli yake, akaanza kuisukuma. Nilimfuata nyuma nikimwambia avue hilo koti, anipe.