Kivuli Kwenye Shuka

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu yalianza alfajiri na hayakukatika, na baridi ilikuwa ile ya kuingia kwenye mifupa. Binti yangu aliamka goti limevimba. Nikalifunga bendeji, nikapiga magoti kando ya kitanda chake na kuomba maneno machache tu: Mungu, leo waone.

Wiki iliyotangulia, hospitalini, walimpiga video wakasema viungo vyake ni vya kawaida. Kawaida! Mtoto ambaye bega lake huchomoka akivaa sweta. Shuleni wenzake wanamwita Mpira, na mwalimu wake anasema anadeka tu. Mdogo wangu naye alikuwa na viungo hivi hivi, tukamcheka miaka yote, mpaka mshipa mkubwa wa moyo ulipompasuka akianika nguo. Bingwa wa kumchunguza binti yangu moyo yuko mbali, na hampokei mtu mpaka video ioneshe kwamba viungo vimelegea kupita kiasi. Tulikuwa tumepewa nafasi moja ya kurudia.

Kwenye chumba cha mazoezi walikuwa wametundika shuka jeupe ukutani. Simu ilikuwa kwenye stendi, taa nyuma yake. Mama yangu alikaa karibu na mlango, koti lake likichuruzika maji.

"Mke mwenza," alimwambia mjukuu wake, "leo ujikunje vizuri, la sivyo nakurudisha kwenu."

"Kwetu si ndiko kwako, bibi?"

"Ndiyo maana nina hasira."

Tukacheka. Mtaalamu wa viungo, dada mmoja mpole, hakucheka. "Mama, kabla hatujaanza, njoo uione ile ya kwanza. Mikono yangu inajua mtoto huyu amelegea, lakini bingwa anapokea picha tu."

Akaiwasha. Binti yangu alinyoosha kiwiko, programu ya simu ikachora mstari wa kikomo cha kawaida juu ya mkono wake, na mkono ukanyooka, ukasimama. Goti vilevile. Kidole gumba vilevile. Na kila mara, kabla ya kusimama, alitupa jicho pembeni ya simu.

"Anaangalia nini?" niliuliza.

Mtaalamu akagusa kona ya kioo. Pale chini, kwenye shuka, kulikuwa na kivuli cha kiganja kilichoinuliwa.

Kilikuwa kiganja changu. Tangu akiwa mdogo nimemfundisha: ukiona mkono wa mama umeinuka, komea hapo, kabla kitu hakijachomoka. Siku ile niliuinua bila kujua, kama mtu anavyopepesa macho.

"Leo ikalie mikono yako, mama," alisema mtaalamu. Kisha akamgeukia mtoto. "Nenda mpaka mwili wenyewe ukome. Usilazimishe."

Nikaikalia. Kiwiko kikanyooka, kikapita mstari, kikaendelea kurudi nyuma. Binti yangu akanitafuta kwa macho. Nikainamisha uso. Kidole gumba kikalala juu ya mkono wake kama kitambaa. Goti lile lililovimba likapinda kinyume. Kila mara alinitazama, na kila mara hakuona kitu. Mwisho akainama, viganja vyote chini sakafuni, na alipojisukuma kuinuka nikasikia mlio kabla ya kilio. Bega.

Mtaalamu alimfikia kabla yangu, akalishika, akalirudisha taratibu. "Basi, basi, imetosha. Naituma sasa hivi. Kumpokea au kutompokea, hilo liko kwa bingwa."

Mama yangu hakuwa na utani tena. Alikuwa amelifumbata koti lake kifuani.

"Mama," binti yangu aliniuliza huku akilia, "mkono wako ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeomba waone, na walikuwa wameona. Sikujua niombe nini tena. Nikaichomoa mikono yangu, imekufa ganzi, nikapiga magoti mbele yake.

"Mwanangu, Mungu ananisikia, na bibi yako na dada huyu wananisikia. Wakisema hii haitoshi, wakitaka nyingine, sitaikalia mikono yangu tena. Nitakubeba mgongoni mpaka kwa huyo bingwa, na nitalala mlangoni kwake mpaka atoke akushike kwa mikono yake mwenyewe."