Mtoto wa Jalalani

Je, wewe umewahi kusifiwa mpaka ukatamani ardhi ipasuke ikumeze? Basi hayo ndiyo yaliyomkuta Ekuwa, muuza samaki na kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, mjini Saltpond, Jumamosi moja mchana, dukani kwa fundi cherehani Mami Baaba.

Kila Jumamosi wanawake wa mtaa walikusanyika hapo kusikiliza hadithi za kutisha alizoziandika Ekuwa katika daftari lake la jalada la buluu, lililojaa madoa ya mafuta. Siku hiyo alisoma habari za mtoto aliyeokotwa jalalani, ambaye kila giza likiingia alirudi kule kuwaita ndugu zake watatu waliokufa. Nao walikuja wakitambaa, maganda ya mihogo vichwani.

"Ekuwa, mchawi wewe!" Mami Baaba alipiga kelele, mkasi ukamponyoka. "Leo chooni nitasindikizwa na nani?"

"Si una mume!" Ekuwa alimjibu.

"Yule? Atakuwa wa kwanza kukimbia!"

Walicheka mpaka wakafutia machozi vitambaa vya wateja. Ekuwa naye alicheka. Alipoinua macho, akamwona Abakoma, jirani yake wa ukuta mmoja, amesimama mlangoni na kitambaa cha kushonesha, kamshika mkono binti yake wa miaka minne. Binti huyo aliitwa Sumina, yaani jalala.

Abakoma alikuwa amezika watoto watatu. Wa nne alipozaliwa, walifanya kama wazee wao walivyofanya: kichanga kiliwekwa ndani ya ungo kando ya jalala, apite mtu akiokote kama kitu kilichotupwa, kipewe jina la ovyo, kifo kisikitamani. Na mtu aliyepita asubuhi ile, akainama, akasema kwa sauti, "Nimeokota takataka, nani anaitaka?" alikuwa Ekuwa huyo huyo.

Abakoma aligeuka. Alimvuta mwanawe, akaondoka na kitambaa chake.

Tangu siku hiyo ukuta ulinyamaza. Zamani Abakoma aliugonga kila asubuhi kuomba pilipili au kaa la moto. Sasa Ekuwa alisikia watoto tu, waliokwisha kusimuliwa hadithi ile na mama zao, wakimkimbia Sumina na kupiga mayowe, "Anawaita wenzake! Anawaita!" Akawa anakwenda sokoni kwa njia ya mzunguko, beseni kichwani, ili asipite mlango ule.

"Ile ndiyo kali kuliko zote," Mami Baaba alimwambia. "Zile nyingine zina majitu tu. Ile ina harufu ya nyumba ya mtu."

Sifa hiyo ilimchoma kama mwiba wa samaki kooni.

Alhamisi alichukua mayai sita katika bakuli jeupe, kama waombavyo radhi watu wa kwao, akaenda. Abakoma alikuwa akisaga nyanya, hakuinuka.

"Dada, nimekukosea."

"Umenikosea."

"Daftari nitalichoma."

"Ukilichoma, watoto watasahau? Keti, usinisimamie kama mdai."

Ekuwa akaketi, bakuli mapajani, macho chini. Abakoma alisaga kidogo, akaacha.

"Na hiyo hadithi hata hukuipatia," alisema. "Umemfanya mtoto ndiye wa kutisha. Unajua kinachotisha? Ni alfajiri. Naamka kabla yake, nanyamaza, nasubiri akohoe au ajigeuze. Mkono nauweka hapa, karibu na kifua chake, simgusi. Naogopa nitakuta baridi. Miaka minne, Ekuwa, kila alfajiri."

Ekuwa alihisi masikio yanawaka. Uso ulimshinda kuuinua. Alimwokota mtoto yule kwa mikono yake mwenyewe, na siku zote hizo hakuwahi kujua habari ya alfajiri.

"Dada," alisema polepole, "mimi ulitaka nifanye nini?"

Abakoma alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea bakuli.

"Nilitaka uniulize," alisema. "Ukuta mmoja tu. Nilitaka uniulize."