Maombolezo ya Bibi Dorothea

Na ijulikane kwa wote kwamba mwaka 2018, mjini Houston, mbele ya jopo la wasomi wa fasihi ya Ayalandi, ilisikika sauti ya Bibi Dorothea, mwombolezaji mashuhuri kutoka Burundi. Ilirekodiwa bafuni, mtaa wa Gulfton, kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Apolonia, Mtanzania, alipanga chumba kwa Mama Fébronie, Mrundi. Asubuhi alitandika vitanda hotelini. Mchana, chuoni, alisoma jinsi wanawake wa Ayalandi zamani walivyowalilia maiti kwa mashairi. Alitaka kuwalinganisha na akina mama wa Burundi. Jopo likasema: leta sauti halisi, la sivyo ufadhili unakoma. Ufadhili ukikoma, na visa basi.

Akina mama wakakataa kurekodiwa.

"Nilie bila maiti?" Mama Fébronie alishtuka. "Mwanangu, unataka niite msiba humu ndani?"

Ndipo Jimmy, mwanawe, aliyefunzwa adabu katika shule ya bweni Kigoma, alipoleta rekodi ya Kirundi, lugha asiyoijua Apolonia.

"Ni bibi wa kanisani, da Apo. Ila hapendi wageni."

Siku ya jopo, profesa alifuta machozi. Kuhusu kurasa alizoandika Apolonia hawakuuliza hata swali moja. Walisikia mkimbizi akilia, wakasaini.

Jioni Apolonia alirudi na kuku wa kukaanga.

"Mama, nimepita! Msikilize bibi aliyeniokoa."

Mama Fébronie alisikiliza, mwiko mkononi.

"Mbona analilia maharage?"

"Maharage?"

"Yaliyoungua. 'Ewe sufuria, umeniacha na nani?'" Akageuka polepole. "Na sauti hii nimeizaa mimi. Jimmy!"

Kuku akabaki mfukoni. Apolonia aliketi.

"Jumapili profesa anakuja kumwona bibi," alisema. "Amemnunulia blanketi."

Basi, nakiri: Jimmy ni mimi. Nilianza kwa utani, nikamaliza kwa kuogopa Apolonia asije akafukuzwa nchini. Hilo la pili sikuweza kulisema.

Apolonia alishika simu, akaanza kumwandikia profesa ukweli.

"Si nilisema?" mama alinong'ona. "Ukilia bila maiti, unaita msiba."

Nikafungua mdomo kuomba radhi. Ikatoka sauti nyembamba, ileile ya Bibi Dorothea, na safari hii sikuwa naigiza.